Printa imekataa? Iulize kompyuta kabla hujanunua nyengine

Mimi nauza mikoba ya ukili mtandaoni, niko Mtambile. Mizigo ya wateja wa Unguja naipeleka bandarini Mkoani, na kila mzigo naubandika karatasi yenye jina na simu, inayotoka kwenye printa ya risiti.

Wiki iliyopita printa ikagoma. Nikaandika majina kwa mkono, haraka haraka, mizigo miwili ikabadilishana. Mteja mmoja kanambia hanunui tena. Fundi naye akasema printa imekufa. Kumbe nzima!

Printa yangu ni ya zamani, ya waya wa siriali wa pini 9. Unaungwa kwenye kidude cha USB chenye chipu ya CH340. Kompyuta ina Ubuntu 22.04. Kama yako ni hivyo, fuata hatua hizi:

1. Chomoa kidude, chomeka tena. Fungua Terminal, andika:
sudo dmesg | tail -n 20
Ukiona "attached to ttyUSB0", draiva ipo. Linux inayo tayari, usihangaike kupakua. Usipoona kitu, badilisha tundu la USB au kidude chenyewe.

2. Kwangu ilikuja "attached", halafu hapo hapo "disconnected", na jina brltty. Hiyo ni programu ya vifaa vya maandishi ya nukta nundu, wanavyosomea wasioona. Hudhani kidude ni chake, ikakinyakua. Kama hapana anayeihitaji kwenye kompyuta hiyo, iondoe:
sudo apt remove brltty
Kisha chomoa, chomeka tena.

3. Ukiambiwa "Permission denied", huna ruhusa tu. Andika:
sudo usermod -aG dialout $USER
Zima kompyuta, washa tena.

4. Ikitoa alama za ajabu ajabu, spidi hazilingani. Zima printa, shikilia kitufe cha kusogeza karatasi, uiwashe. Printa nyingi hutoa karatasi ya mipangilio yake. Ikisema 9600, andika:
stty -F /dev/ttyUSB0 9600

Sasa jaribu:
echo "Mtambile" > /dev/ttyUSB0

Yangu ilitema karatasi palepale. Pesa ya printa mpya imebaki mfukoni, ila yule mteja hajarudi. Laiti ningeanza na hatua ya kwanza siku ile ile!

Yako imekwama hatua ya ngapi? Niandikie hapo chini, na maneno uliyoyaona kwenye dmesg yalete kama yalivyo.