KUKOROMA KUNAKOKATA PUMZI



Mtu akikoroma sana usiku, sisi husema, "Huyo amelala fofofo." Tunacheka, basi. Lakini si kila anayekoroma amelala vizuri. Wako watu ambao pumzi zao hukatika usingizini, tena mara nyingi kwa usiku mmoja. Ugonjwa huo huumiza moyo polepole, na mwenyewe hana habari.

Pumzi hukatikaje?

Tunapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa watu wengine hulegea mno. Ulimi hurudi nyuma na njia ya hewa huziba. Kifua kinahangaika kuvuta hewa, lakini hewa haipiti. Kukoroma kunanyamaza ghafla.

Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, waganga huhesabu mara moja. Ikikatika mara 5 au zaidi kwa saa, hiyo ni dalili ya ugonjwa. Ikifika mara 30 kwa saa, ugonjwa ni mkali.

Hewa ikipungua katika damu, ubongo humshtua mtu. Anakoroma kwa kishindo, anavuta hewa, halafu analala tena. Asubuhi hakumbuki kitu. Anaona tu amechoka, kama mtu aliyekesha.

Moyo huumiaje?

Mtu mwenye afya akilala, presha ya damu hushuka na moyo hupumzika. Lakini huyu, kila anaposhtuka, moyo hupiga mbio na presha hupanda. Siku zikipita, presha hubaki juu hata mchana.

Liko na jambo la pili. Damu ikikosa hewa, ikapata, kisha ikakosa tena, mishipa ya damu hukereka. Hapo askari wa mwili huamka. Askari hao ni chembe nyeupe za damu. Kazi yao ni kupigana na vijidudu vya maradhi. Fikiria sungusungu wa kijiji. Yowe likipigwa kwa sababu ya mwizi, wanaokoa mali. Je, yowe likipigwa kila usiku na mwizi hayupo? Watakimbia huku na huko na kukanyaga mahindi ya wenyeji. Ndivyo ilivyo mwilini. Askari wasio na adui huumiza kuta za mishipa. Mafuta hupata mahali pa kushika, na njia ya damu huwa nyembamba. Njia ikiziba kwenye moyo, moyo hushikwa ghafla. Ikiziba kwenye ubongo, mtu hupata kiharusi.

Nani yumo hatarini?

Zaidi ni watu wanene, wenye shingo nene, wanaume, na wanawake waliokoma hedhi. Pombe huongeza hatari, kwa kuwa hulegeza koo. Watoto nao hupata, hasa wenye mafindofindo makubwa.

Dalili za mchana ni hizi: kusinzia mkutanoni au safarini, kichwa kuuma asubuhi, kinywa kukauka. Wengine huamka mara nyingi usiku kwenda kukojoa. Dereva mwenye ugonjwa huu anaweza kusinzia njiani akaua watu.

Shahidi ni mwenzako

Mgonjwa hawezi kujisikia akikoroma. Mama, mumeo akinyamaza ghafla katikati ya kukoroma, hesabu polepole: moja, mbili, tatu. Ukifika kumi naye hajavuta pumzi, chukua kalamu uandike siku na saa. Baba, nawe mfanyie mkeo vivyo hivyo. Karatasi hiyo ipelekeni kwa mganga. Hapo ndipo kusoma na kuandika kunapofaa kazi.

Tufanye nini?

1. Twende zahanati tupime presha. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, rudi upimwe tena kama mganga atakavyosema.
2. Lala ubavu, usilale chali.
3. Mnene apunguze uzito.
4. Usinywe pombe wala dawa za usingizi kabla ya kulala.
5. Anayetumia dawa za presha asiziache.

Hospitali kubwa zina vipimo vya usingizi. Mwaka 1981 Daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walitangaza mashine inayosukuma hewa puani ili koo lisizibe. Mashine hiyo inatumika hadi leo, lakini ni ghali, na vijijini haipatikani kwa urahisi. Hata hivyo mambo matano tuliyotaja tunaweza kuyaanza leo.

Wala usiogope bure. Wengi hukoroma na hawana ugonjwa huu. Cha kuangalia ni pumzi kukatika na usingizi wa mchana.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mgonjwa huamka amechoka ingawa alilala usiku kucha?
2. Chembe nyeupe hulinda mwili. Huuumiza wakati gani?
3. Katika nyumba yako, nani anakoroma? Umewahi kumsikia akinyamaza ghafla?
4. Anayelala peke yake atapataje shahidi?