Mwiko wa Meno kwa Ukuta wa Bafu

Ingia bafuni ugonge vigae vya ukutani kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole. Kinachotoa mlio mzito kimeshika vizuri. Kinacholia kama debe tupu kina uwazi nyuma yake, na bafuni uwazi huo hugeuka kisima: maji hupenya kwenye viungo, hukaa humo na kulowesha lipu. Siku ukitoboa tundu la kutundikia kioo, kigae kinapasuka.

Hapa Busanza, katika sekta ya Kanombe, mwenye nyumba anaweza kutumia siku nzima kuchagua rangi ya vigae, au makaro kama wengi wanavyoviita huku, asimuulize fundi atapaka gundi kwa mwiko gani. Muulize hilo kwanza.

Mafundi wengi wamezoea mabonge matano ya gundi: moja kila pembe na moja katikati. Bafuni usikubali. Kanuni ya kazi za sehemu zenye maji ni gundi ifunike angalau asilimia 95 ya mgongo wa kigae, na njia ya kufika huko ni mwiko wenye meno ya mraba, unaoacha mistari ya kimo kimoja ukutani.

Kigae cha sentimita 20 kwa 30 kinatoshwa na meno ya milimita 6. Cha 30 kwa 60 kinataka 8 hadi 10. Kikubwa zaidi ya hapo, tumia 10 au 12, na mgongo wake nao upakwe gundi nyembamba. Usikimbilie meno makubwa ili kuficha ukuta uliopinda: gundi nene husinyaa, na kigae kizito huteleza kabla haijashika. Ukuta wa rukarakara, yaani matofali mabichi ya udongo, kwa mfano, unyooshwe kwa lipu kwanza, uachwe ukauke.

Fundi aanze kwa upande wa mwiko usio na meno, aisukume gundi iushike ukuta. Kisha ageuze, aulaze mwiko kwa nyuzi 45 na kuvuta mistari iliyonyooka kuelekea upande mmoja. Mistari ya mviringo hufungia hewa ndani. Kigae akikandamize huku akikisogeza kidogo kwa kukata mistari, ili matuta yalale. Asipake eneo kubwa kwa mkupuo. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, gundi huota ngozi upesi. Iguse: isiponata kidoleni, ikwanguliwe ipakwe nyingine.

Baada ya vigae viwili vitatu, mwambie abandue kimoja mkiwa wote mnatazama. Mgongo ukiwa umejaa, aendelee. Mistari ikiwa bado inaonekana imesimama, huenda hakukandamiza vya kutosha, au aliulaza mwiko mno, au meno ni madogo. Hapo chukua rula uyapime: mwiko uliotumika sana huliwa na simenti, na meno ya 8 yakabaki 6 bila fundi kujua.