NGAZI ZA NISHATI KATIKA ATOMU: TUNAZIJUAJE?

Kila mwanafunzi wa fizikia hufundishwa kwamba elektroni iliyomo ndani ya atomu haiwezi kuwa na kiasi chochote tu cha nishati, bali viwango maalumu. Ni mithili ya mtu apandaye ngazi: aweza kusimama juu ya kipago cha kwanza au cha pili, lakini si katikati yake. Mfano huu ni mzuri, ila mfano si ushahidi. Je, vipago hivyo vilijulikanaje?

Mwaka 1913 Niels Bohr wa Denmark alitumia wazo hili kueleza mistari ya nuru itokayo katika haidrojeni. Mwaka uliofuata, mjini Berlin, James Franck na Gustav Hertz walifanya jaribio lililoleta ushahidi wa namna nyingine.

Walichukua neli yenye mvuke wa zebaki. Waya uliopashwa moto ulitoa elektroni, nazo zikavutwa na wavu wa metali wenye volti chanya. Nyuma ya wavu palikuwa na bamba lenye volti pungufu kidogo, hata elektroni iliyoishiwa nishati isiweze kulifikia. Volti za wavu zilipoongezwa, mkondo wa umeme uliofika kwenye bamba uliongezeka, kisha ukashuka ghafla. Ukapanda tena, ukashuka tena. Na mishuko hiyo ilitengana kwa volti 4.9 kila mara.

Maana yake nini? Elektroni yenye nishati pungufu ya elektroni-volti 4.9 huigonga atomu ya zebaki na kudunda, bila kupoteza nishati ya kutajika. Ikifikia 4.9, atomu huweza kuipokea nishati hiyo yote kwa mara moja. Mshuko wa pili hutokea kwa kuwa elektroni moja imegonga atomu mbili, moja baada ya nyingine.

Jambo la kuzingatia ni kwamba watafiti hao wenyewe walidhani kwanza kuwa 4.9 ndiyo nishati ya kuing'oa elektroni kutoka katika atomu. Kwa kweli kazi hiyo huhitaji 10.4. Vipimo vyao vilikuwa sahihi. Tafsiri ndiyo iliyosahihishwa baadaye. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1925.

Nuru nayo ilithibitisha. Mvuke huo ulitoa mionzi ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi karibu nanometa 254. Gawanya 1240 kwa 4.9, utapata nanometa 253. Atomu hurudisha kile ilichopokea. Mionzi hiyo hiyo ndiyo inayoangaza unga mweupe uliopakwa ndani ya taa ndefu za neli zenye zebaki.

Zoezi: Nuru ya manjano ya sodiamu, ionekanayo chumvi inyunyizwapo motoni, ina urefu wa wimbi wa nanometa 589. Tafuta tofauti ya nishati baina ya ngazi mbili zinazoitoa.