Dawa ya Mama Si ya Jirani

Haya, mdogo wangu, itoe hiyo karatasi uliyoikunja mkobani tuitazame. Mama ametoka kliniki ya presha pale hospitali kuu ya Embu na dawa mbili, amlodipini na hidroklorothiazaidi. Jirani yenu anameza losartani peke yake. Sasa hamlali, mnanong'ona kwamba mama amezidiwa, au labda daktari anapenda tu kuandika dawa.

Tulia kwanza. Kwa wengi dawa moja haitoshi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, lilishauri wengi waanze na mbili, tena ikiwezekana ziwe ndani ya tembe moja. Amlodipini hulegeza mishipa ya damu, hiyo nyingine hutoa chumvi na maji kwa mkojo. Ndiyo maana mama ameambiwa ainywe asubuhi, asije akaamka usiku kucha. Huyo jirani huenda ana kisukari na figo zake zinalindwa. Wewe utajuaje?

Basi msikopeshane tembe! Najua mnafanya hivyo, hasa duka la dawa la hospitali likiwa tupu na pesa hakuna. Lakini losartani na enalaprili, dawa nyingine ya presha, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Dadako akiwa mjamzito apewe yake, mara nyingi methildopa, na aandikiwe na daktari.

Enalaprili ikimletea mtu kikohozi kikavu, asikimbilie dawa ya kifua. Amlodipini ikimvimbisha miguu, asiitupe kimyakimya. Arudi kliniki, abadilishiwe. Kuuliza si ujinga, na bei nayo ni ya kuuliza: mwambie daktari waziwazi mnachoweza kununua kila mwezi.

Halafu hili la "presha imeshuka, nimepona" linanichosha, mpenzi. Imeshuka kwa sababu ya dawa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe ni kiharusi, mama akae kitandani nawe uache kazi umgeuze.

Nanyi wa Maua na Igembe yote, mzee akiulizwa kuhusu miraa msimfichie aibu. Miraa hupandisha presha, na daktari asiyejua ataongeza dozi bure. Nawe, mdogo wangu, kliniki ijayo beba kila tembe iliyo nyumbani, hata diklofenaki ya magoti mliyonunua kwa kemisti, maana nayo hupandisha presha, na mama hajaitaja hata siku moja.