Dondoo muhimu: Kutoka wodi ya Mwananyamala hadi uzamili wa afya ya jamii

Wewe muuguzi, tabibu au mtaalamu wa maabara unayetaka kusomea afya ya jamii, zingatia haya:

• Anza na swali la mtaani kwako. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia wilayani Kinondoni, Dar es Salaam, ilipo Mwananyamala. Visima, vyoo na mitaro ya Mwananyamala ina maswali ya kutosha kwa tasnifu nzima.

• Tazama karibu kwanza. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), pale Upanga, hufundisha uzamili wa afya ya jamii. Ukisoma hapo unaendelea kulala kwako.

• Ufadhili una masharti. Chevening hulipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza, lakini hudai uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili, na ukimaliza urudi nyumbani kwa miaka miwili. Tunza barua zako za ajira.

• Huwezi kuacha kazi? London School of Hygiene & Tropical Medicine hufundisha afya ya jamii kwa masafa. Kabla ya kulipia chuo chochote cha nje, uliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kama shahada yake inatambulika.

• Takwimu zisikutishe. Jifunze mapema kupanga na kuchambua takwimu kwa kompyuta. Hapo ndipo wengi hukwama.

• Wahi vibali. Mtumishi wa umma aombe ruhusa ya masomo kwa mwajiri mapema. Usikusanye taarifa za wagonjwa kabla ya kupata kibali cha maadili ya utafiti.