Selimundu na Figo: Istilahi na Maradhi katika Nyanda za Meru na Embu

Makala haya yanafafanua namna selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, unavyodhuru figo, na kwa nini jina lenyewe la ugonjwa huu huhitaji ufafanuzi zaidi linapotamkwa Meru na Embu.

Nchini Kenya kwa jumla, selimundu si ugonjwa wa nadra. Nyanza, Magharibi na Pwani wanaufahamu vyema. Uadimu wake ni wa nyanda za juu. Mnamo mwaka wa 1949, Anthony Allison, aliyelelewa Gilgil, aliandamana na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuja Mlima Kenya, akapima damu za watu wa jamii mbalimbali. Katika baadhi ya jamii za Pwani na za kandokando ya Ziwa Viktoria, wenye jeni ya selimundu walizidi asilimia 20; katika nyanda za juu hawakufikia asilimia 1. Mwaka wa 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Palipokuwa na baridi na mbu wachache, jeni haikuenea. Hata hivyo, watu huhama, huajiriwa ugenini na huoana. Wazazi wawili wenye jeni mojamoja, hata wakiwa wazima wa afya, kila mimba yao ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa.

Kwa mgonjwa huyo, hemoglobini hushikamana oksijeni inapopungua, na chembe nyekundu hupinda na kuwa ngumu. Sehemu ya ndani ya figo ina oksijeni haba, asidi na chumvi nyingi: mazingira yote yanayozipinda chembe hizo. Huko ndiko mkojo hukolezwa. Vijishipa vinapoziba, figo hushindwa kurudisha maji mwilini, na mtoto hukojoa mkojo mwingi uliozimuka, mchana na usiku.

Hapa ndipo madhara ya kutojua hujitokeza. Mtoto anayekojoa kitandani huitwa mvivu, huchapwa, au hunyimwa maji jioni. Adhabu hii ya mwisho ndiyo mbaya zaidi, kwani upungufu wa maji huchochea chembe kupinda.

Baadaye damu huweza kuonekana katika mkojo. Aidha, vichujio vya figo hufanya kazi kupita kiasi kwa miaka mingi, kisha huanza kuvujisha protini na kupata makovu. Kipimo cha kreatinini huweza kuhadaa, maana kwa wagonjwa hawa mara nyingi husoma chini hata figo zikiwa zimeanza kudhurika. Kupima protini katika mkojo hufichua mapema zaidi. Vilevile, dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo mgonjwa huzikimbilia mifupa inapomuuma, huweza kuzidisha madhara. Na kwa kuwa figo ndizo hutoa homoni inayochochea utengenezaji wa damu, kudhoofika kwake huongeza upungufu wa damu uliokuwapo tangu awali.

Sasa turejee kwenye neno. Kiswahili kimeunganisha ‘seli’ na ‘mundu’, kifaa cha kuvunia chenye makali yaliyopinda. Uundaji huo hauna kasoro kisarufi. Lakini katika Kiembu ‘mũndũ’ ni mtu, kama ilivyo ‘muntũ’ katika Kimeru. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe ana ‘selimundu’ aweza kuelewa ‘seli ya mtu’, kitu ambacho kila mwanadamu anacho, akarudi nyumbani bila wasiwasi. Kamusi haina kosa, ila kamusi haikai na mzazi katika chumba cha daktari. Kwa hivyo mhudumu wa afya au mkalimani afadhali aanze na maelezo, ‘chembe za damu zilizopinda kama mwezi mwandamo’, ndipo ataje istilahi. Kisha aulize kama mtoto hukojoa kitandani, na iwapo jioni hupewa maji ya kunywa.