Pikipiki Yako Inapovuka Mpaka: Somo kwa Wasafiri wa Ilula na Nyanda za Juu Kusini



Ilula, mji wa nyanya na vitunguu katika Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, umekaa juu ya barabara kuu iendayo Zambia. Atokaye Morogoro huufikia baada ya kuupanda mlima Kitonga. Aendaye mpakani hupita Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya kabla ya kuiona Tunduma. Akiachana na barabara hiyo pale Uyole na kuteremka Tukuyu, atafika Kasumulu, mpakani mwa Malawi. Kwa mwenye pikipiki, nchi ya jirani si mbali. Iliyo mbali ni sheria yake, na wengi huijua baada ya kusimamishwa au baada ya kuanguka.

Somo hili limekusudiwa kumwezesha msomaji kujua mambo manne: sheria anayopaswa kuifuata, nyaraka anazopaswa kuzibeba, bima inayomlinda, na namna ya kuifikia safari yake akiwa mzima.

1. Sheria ni ya mahali ulipo

Hapa nchini mwendeshaji huongozwa na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Akivuka mpaka, sheria hiyo hubaki nyuma yake. Mwendokasi unaoruhusiwa, adhabu na vifaa vinavyodaiwa ni vya nchi aliyoingia. Alama za barabarani ndizo mwalimu wa kwanza. Kutojua si utetezi.

Zambia, Malawi, Msumbiji, Kenya na Uganda huendesha upande wa kushoto kama sisi. Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huendesha kulia. Katika nchi hizo hatari kubwa haimo katikati ya msongamano, kwa kuwa magari mengine humwonyesha mgeni njia. Imo asubuhi barabara ikiwa tupu, au mtu anapotoka kituo cha mafuta, ambapo mazoea humrudisha kushoto bila yeye kufahamu. Kwenye mizunguko ya huko vyombo huzunguka kinyume na ilivyo kwetu.

Jambo jingine dogo lenye uzito ni saa. Zambia na Malawi zipo nyuma ya Tanzania kwa saa 1. Saa 12 jioni ya Tunduma ni saa 11 jioni ya Nakonde. Anayepanga kufika kabla ya giza kwa kuitegemea saa ya huko kana kwamba ni ya kwetu, hujikuta njiani usiku.

2. Nyaraka za kubeba

Kabla ya kuondoka, hakikisha unazo hizi:

- Pasipoti au hati nyingine ya safari inayotambuliwa na Idara ya Uhamiaji.
- Leseni ya udereva iliyo hai, yenye daraja linalolingana na pikipiki yako. Leseni ya gari dogo haimhalalishi mtu kuendesha pikipiki.
- Kadi ya usajili wa pikipiki. Ikiwa chombo si chako, beba barua ya idhini ya mmiliki.
- Cheti cha bima ya ndani pamoja na bima ya kuvuka mpaka, ambayo tutaieleza hivi punde.
- Kibali cha forodha cha kuingiza chombo kwa muda, kinachopatikana mpakani. Kikiisha muda ukiwa ungali huko, chombo huweza kushikiliwa.

Tunduma na Nakonde zina kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019, hivyo taratibu za nchi mbili hukamilishwa mahali pamoja. Miji hiyo imegusana, na njia za panya ni nyingi. Tunawasihi wasafiri wasizitumie. Aliyepita huko hana muhuri wala kibali. Akigongwa, atalazimika kujibu kosa la kuingia kabla ya kudai haki yake.

Waendesha bodaboda wazingatie pia kwamba leseni ya usafirishaji inayotolewa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ni ya kufanyia biashara hapa nchini. Haigeuki kuwa ruhusa ya kubeba abiria kwa malipo ng'ambo ya mpaka.

3. Bima: mahali ambapo wengi huumia

Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, hulipa madhara uliyomsababishia mwingine. Bima hiyo iliyokatwa Iringa haimlindi mtu aliyegongwa nchini Zambia, mpaka iongezewe Kadi ya Njano ya COMESA. Mpango huo ulianza kutumika mwaka 1987, na Tanzania imo pamoja na Zambia, Malawi na nchi nyingine kadhaa. Kadi hiyo hugharimia dhima kwa mtu wa tatu na matibabu ya dharura ya mwendeshaji na abiria wake. Haigharimii matengenezo ya pikipiki yako wala wizi wake.

Tuchukue mfano. Mkulima wa Ilula anakwenda Nakonde kutafuta soko la vitunguu. Anamgonga mtembea kwa miguu na kumvunja mguu. Akiwa na Kadi ya Njano, dai hushughulikiwa na ofisi ya mpango huo iliyo katika nchi ya ajali, kwa sheria za nchi hiyo. Asipokuwa nayo, deni ni lake mwenyewe: pikipiki inashikiliwa, na nyumbani shamba linatafutiwa mnunuzi. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni karatasi moja iliyopatikana kabla ya safari.

Nunua kadi hiyo kwa kampuni au wakala aliyesajiliwa, dai risiti, soma majina ya nchi zilizoorodheshwa na tarehe ya kwisha. Uhalali wa bima yako ya ndani uhakiki katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Stika iliyobandikwa si uthibitisho. Kilichosajiliwa ndicho bima.

4. Kofia, chombo na mwendo

Tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa takribani asilimia 42, na ya jeraha la kichwa kwa takribani asilimia 69. Hayo ni kwa kofia iliyofungwa mkanda. Iliyolegea hutangulia kuanguka, kichwa kikafuata kikiwa wazi. Unaponunua, tafuta alama ya ubora ya TBS, itikise kichwani ikiwa imefungwa, na usinunue iliyokwisha kupata pigo hata kama rangi yake ni mpya. Abiria naye ana kichwa. Apewe ya kwake.

Kagua breki zote mbili, tairi, mnyororo, taa, indiketa na vioo. Kwenye miteremko kama ya Kitonga, au ile ya kushukia Mbalizi, baadhi huzima injini ili kuokoa mafuta. Kufanya hivyo ni kuziachia breki kazi yote, nazo zikipata moto hupoteza nguvu. Teremka kwa gia ndogo, injini ikiwa inawaka.

Fikiri pia juu ya mwendo. Kwa kilomita 50 kwa saa, pikipiki hupita mita 14 hivi kila sekunde; kwa kilomita 80, mita 22. Umbali wa kusimama tangu breki iliposhika haukui kwa kiasi hicho hicho: kutoka 50 hadi 80 huongezeka takribani mara mbili na nusu. Mwachie aliye mbele yako nafasi ya sekunde 2, na kwenye mvua au ukungu, ambao si mgeni Mufindi na Rungwe, sekunde 4. Tenga la nyanya likizidi upana wa usukani, gharama ya nauli uliyookoa huenda ukailipa hospitali.

5. Ajali ikitokea

Simama. Hakikisha usalama wa eneo, saidia majeruhi, usimvue kofia aliyeumia shingo. Toa taarifa polisi wa nchi hiyo na upewe namba ya taarifa. Piga picha, andika majina ya mashahidi, na usisaini maelezo yaliyoandikwa kwa lugha usiyoielewa. Wajulishe watoa bima wako mapema, kisha ubalozi wa Tanzania ikiwa umezuiliwa.

Maswali ya kujipima

1. Bima yako ya sasa inaishia wapi?
2. Je, daraja la leseni yako linataja pikipiki?
3. Ukiondoka Ilula alfajiri, utalala wapi ili usiendeshe usiku?
4. Nani nyumbani ana nakala za nyaraka zako?

Asiyeweza kujibu swali mojawapo hajawa tayari kuwasha pikipiki. Ajibu kwanza, mpaka hautahama.